Basi au Gari la Moshi: Hesabu ya Safari kwa Askari wa Zamu

Kazi ya askari, awe wa jeshi au wa polisi, huanza kwa saa na humalizika kwa saa. Mwenye duka akichelewa kufungua mlango, hasara ni yake mwenyewe. Karani akichelewa, mafaili yake yatamngoja mezani. Lakini askari wa zamu akichelewa, yuko mwenzake aliyesimama lindoni usiku kucha, miguu imechoka na macho yamekuwa mazito, naye hana ruhusa ya kuondoka mpaka apokewe. Kwa hiyo namna ya kusafiri kutoka nyumbani kwenda kazini, ambayo kwa watu wengine ni jambo la starehe na la mfuko tu, kwetu sisi ni jambo la nidhamu, na pengine ni jambo la usalama wa roho za watu.

Zamani shauri hili halikuwa zito. Askari wengi waliishi ndani ya ua wa kambi, na baragumu ilipolia walikuwa tayari wamekwisha kufunga kamba za viatu. Leo nyumba za kambini hazitoshi, na wengi wetu tumepanga vyumba mbali na lango la kazi: Kireka, Bweyogerere, Namanve na kwingineko. Hapana budi, basi, kila alfajiri tujiulize swali moja: tupande basi, au tupande gari la moshi? Tumeonelea leo tulipime swali hilo kwa hesabu wala si kwa mazoea, na tumeichagua Kibuli iwe mahali pa kulipimia.

KILIMA CHENYE ASKARI, BONDE LENYE RELI

Kibuli ni mojawapo ya vilima vya Kampala, upande wa kusini mashariki wa katikati ya mji. Juu yake upo msikiti mkubwa unaoonekana kutoka mbali, uliojengwa kwenye ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu. Kwenye kilima hicho hicho iko Shule ya Mafunzo ya Polisi, na yako makao ya idara ya upelelezi wa makosa ya jinai. Jirani, upande wa Nsambya, ziko kambi za polisi na nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli. Ni vigumu kupata mahali pengine Kampala ambapo watu wengi kiasi hicho wanaishi kwa saa ya zamu.

Reli nayo haiko mbali. Njia iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1931, baada ya daraja la mto Naili kukamilika pale Jinja, garimoshi likaweza kwenda moja kwa moja mpaka Kampala. Kutoka stesheni ya Kampala njia kubwa inaelekea mashariki kupitia Nakawa na Kireka, na tawi lake linashuka kwenda bandari ya Port Bell, likipita bondeni karibu na Namuwongo. Mkazi wa Kibuli anaweza kusikia honi ya injini akiwa kitandani mwake.

Lakini kusikia honi si kupata safari. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na reli yake na matatizo yake. Katika miaka ya 1990 magari ya abiria yalitoweka Uganda, na reli ikawa ya mizigo. Ni mwezi wa Desemba mwaka 2015 ndipo kampuni ya Rift Valley Railways, iliyokuwa imekodishwa reli hiyo, ilipoanzisha gari la abiria la asubuhi na jioni kati ya Kampala na Namanve, kwa nauli ya shilingi 1,500. Mwaka 2018, baada ya mkataba wa kampuni hiyo kuvunjwa, Shirika la Reli la Uganda likaishika kazi hiyo. Mwaka 2023 safari zikasimamishwa ili njia ikarabatiwe, na mwaka uliofuata zikarejea. Historia hii fupi inatuonyesha jambo moja: gari la moshi ni rafiki mwema, lakini ni rafiki aliyewahi kusafiri bila kuaga. Mwenye zamu ni lazima awe na njia ya pili.

SIFA ZA GARI LA MOSHI

Hatuandiki ili kulidharau gari la moshi. Kwanza, halijui msongamano. Wakati magari yamekaa kama mawe katika barabara ya Jinja, mbele na nyuma hakuna pa kupenya, treni inapita pembeni kwenye njia yake yenyewe, na penye kivuko ni magari ndiyo yanayoipisha. Pili, injini moja inavuta watu mia kadhaa ambao wangehitaji makumi ya teksi, na kila teksi ingeleta moshi wake na honi yake barabarani. Tatu, muda wake wa njiani haubadiliki sana. Mvua ikinyesha, barabara huziba, lakini reli huendelea.

Kwa karani anayekaa Namanve, ambaye ofisi yake iko karibu na stesheni ya Kampala na hufunguliwa saa mbili asubuhi, hatuoni shauri bora kuliko hilo. Apande treni, na ashukuru.

Mashaka yanaanza tunapomtazama askari. Yeye hafuati saa ya ofisi. Zamu yake huenda ikaanza kabla ya treni ya kwanza kutoka, au ikamalizika baada ya treni ya mwisho kulala. Tena kazi yake haiko stesheni. Iko juu ya kilima cha Kibuli, au Naguru kwenye makao makuu ya polisi, au Mbuya kwenye makao makuu ya jeshi. Reli inamchukua sehemu moja tu ya safari, kisha inamwacha.

KWA NINI TRENI HUJAA

Watu husema treni imejaa kwa sababu watu ni wengi. Hiyo ni nusu ya ukweli. Treni hujaa kwa sababu watu wengi wanalazimika kuipanda kwa saa moja. Ikiwa safari za asubuhi ni chache, yule anayetaka kufika saa moja na yule anayetaka kufika saa mbili wote watakutana kwenye behewa lile lile. Na safari haziongezwi kirahisi, kwa maana sehemu kubwa ya reli yetu ni ya njia moja: treni mbili zinazoelekeana hazipiti mpaka moja isubiri kwenye njia ya kupishana. Teksi zikizidiwa, nyingine hujipanga nyuma yake. Treni ikizidiwa, hakuna ya kujipanga.

Wataalamu wa usafiri wana kipimo chao. Wanasema watu 4 waliosimama katika eneo la mita moja ya mraba wanaweza kusafiri kwa utulivu. Wakifika 6, kila mmoja anagusana na mwenzake pande zote. Wakizidi hapo, mtu hana tena uwezo juu ya mwili wake mwenyewe, bali husukumwa kama maji. Katika treni za Mumbai, nchini India, wamewahi kuhesabiwa watu zaidi ya 14 katika eneo hilo, na wengine huning'inia milangoni. Sisi hatujafika huko, na tusiombe kufika huko.

Askari ndani ya umati wa namna hiyo ana shida kuliko raia. Sare yake inaonekana. Ikiwa amepewa silaha au redio ya mkononi, ana wajibu wa kuilinda kila dakika, naye hawezi hata kuinua mkono. Mwizi wa mfukoni hachagui mfuko kwa cheo. Na akina mama wenye watoto mgongoni wakisukumwa, macho yote humgeukia yeye mwenye sare, kana kwamba anaweza kuutuliza umati asioweza hata kugeuka ndani yake.

HESABU YA MLANGO HADI LANGO

Kosa kubwa tunalolifanya ni kupima safari kwa magurudumu tu. Tunasema, treni inakwenda dakika kadhaa, basi linakwenda dakika kadhaa, basi yamekwisha. Lakini safari ya askari haianzii stesheni. Inaanzia mlangoni pa nyumba yake na kuishia kwenye lango anapoandikwa jina. Kuna kutembea hadi kituoni, kuna kungoja, kuna kusafiri, na kuna kutembea tena.

Tuchukue mfano, tukitumia tarakimu za kukisia ili kuonyesha njia ya kuhesabu. Kila msomaji ataweka zake. Koplo anakaa Kireka na kazi yake iko Kibuli. Kwa treni, anatembea dakika 15 hadi kituoni, anafika dakika 15 mapema ili apate mahali pa kusimama, anasafiri dakika 35, kisha kutoka stesheni ya Kampala anakwenda kwa miguu dakika 35 mpaka Kibuli. Jumla ni dakika 100. Kwa basi, au kwa teksi ya watu 14 ambayo ndiyo basi letu la kila siku, anatembea dakika 5, anangoja 10, na barabara ikiwa wazi anasafiri 30, kisha 15 za kubadilisha gari na kupanda kilima. Jumla ni dakika 60. Barabara ikiziba, zile 30 zinakuwa 75, na jumla inakuwa dakika 105.

Mtu mwepesi wa kuamua atasema: treni ni dakika 100 kila siku, basi huenda likawa 105, kwa hiyo treni ndiyo salama. Hapo ndipo tunapomwomba aongeze mstari mmoja katika hesabu yake: itakuwaje ukiikosa? Ukikosa teksi, unapoteza dakika 10, kwa maana nyingine iko nyuma. Ukikosa treni, huenda umepoteza saa nzima, au umepoteza asubuhi yote. Na katika treni iliyojaa, kuna kuikosa kwa namna mbili: kuna kufika ukaikuta imeondoka, na kuna kufika ukaikuta ipo, mlango uko wazi, lakini huna pa kuweka mguu.

Tena saa ya kutoka ina uzito wake. Anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri huikuta barabara ya Jinja iko wazi. Kwake basi ni dakika 60. Anayetoka saa moja huikuta imeziba. Kwake basi ni dakika 105, na hapo treni ina haki. Kwa bahati njema, zamu nyingi za askari hutaka watoke alfajiri. Saa ile inayomchosha askari ndiyo inayolifanya basi liwe bora kwake.

Kutokana na hesabu hiyo tunaona wazi kwamba askari anayeliacha gari la moshi lililojaa na kupanda basi si mpenda anasa, wala si mwoga wa msukumano. Amechagua njia ambayo kosa lake linarekebishika. Katika uwanja wa vita kamanda mwenye akili hachagui njia iliyo fupi kuliko zote; huchagua ile ambayo, ikizibwa, anayo nyingine.

BASI NALO LINA DHAMBI ZAKE

Hata hivyo, tusilifanye basi kuwa malaika. Wazee wa Kampala wanayakumbuka mabasi makubwa ya UTC, yaliyokuwa yakibeba wafanyakazi wa mji huu kabla ya biashara hiyo kuangukia mikononi mwa teksi ndogo. Mwezi wa Machi mwaka 2012 mabasi makubwa yalirudi mjini, kampuni ya Pioneer Easy Bus ikianza na magari 100, na wananchi wakashangilia. Mwishoni mwa mwaka 2013 yakaegeshwa kwa sababu ya mgogoro wa kodi. Abiria walirudi kwenye teksi zao. Basi pia, kama treni, laweza kuondoka bila kuaga.

Wenzetu wa Dar es Salaam wametufundisha somo jingine. Tarehe 29 Oktoba 2012 treni za abiria za mjini zilianza kazi huko, moja katika reli ya kati na nyingine katika reli ya TAZARA, na watu wakaziita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Mwezi wa Mei mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka yakaanza, yakipewa barabara yao wenyewe yenye urefu wa kilometa 20.9 katika awamu ya kwanza. Basi lililopewa njia yake likawa na sifa ya treni: halikujua msongamano. Lakini likapata na ugonjwa wa treni: likajaa, na foleni vituoni zikawa ndefu. Kumbe si chuma wala mpira wa gurudumu unaomtesa abiria. Ni magari machache kuliko watu, kwa saa moja ile ile.

Wapo wanaodhani kwamba kukimbia treni ni kukimbia hatari. Mjini Madrid, tarehe 11 Machi 2004, mabomu yaliwaua watu zaidi ya 190 katika treni za asubuhi zilizojaa wafanyakazi. Lakini mjini London, tarehe 7 Julai 2005, waovu walilipua treni tatu za chini ya ardhi na basi moja siku hiyo hiyo, wakaua watu 52. Hapa kwetu, tarehe 25 Oktoba 2021, bomu lililipuka ndani ya basi pale Lungala, wilaya ya Mpigi, na tarehe 16 Novemba mwaka huo huo milipuko ilitokea karibu na Kituo Kikuu cha Polisi cha Kampala na karibu na Bunge. Adui hafuati reli wala lami. Hufuata umati usioangaliwa. Askari anayeketi ndani ya teksi yenye viti 14 anaweza kuona kila mzigo na kuuliza ni wa nani. Aliyebanwa katikati ya behewa haoni hata viatu vyake. Tofauti hiyo peke yake inatosha kumfanya mlinzi wa raia alipende gari lenye idadi.

KITI CHA KUMI NA TANO

Tumefika mahali ambapo hatuwezi kupita kimya. Sheria inasema teksi ibebe abiria 14. Ni polisi hao hao wanaosimama barabarani kuitekeleza. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, teksi ziliamriwa kubeba nusu ya idadi hiyo, na askari ndio waliohesabu vichwa. Sasa alfajiri moja kondakta anamwona mtu mwenye sare, anafungua mlango na kusema, "Afande, ingia, tutabanana." Akiingia, yeye ndiye wa kumi na tano. Kila abiria aliye ndani amekwisha kuona ya kwamba sheria ina mlango wa nyuma.

Na liko jambo la nauli. Nauli ya dereva ni mafuta yake, ni kodi ya gari lake, ni chakula cha watoto wake. Askari akishuka bila kulipa kwa sababu amevaa sare, ameitumia sare ya taifa kama noti ya bandia. Siku dereva huyo atakapoona jambo la kutisha, mzigo usio na mwenyewe au mgeni mwenye maneno mawili, je, atakuja kutuambia sisi? Habari njema za usalama hutoka midomoni mwa watu tunaowaheshimu. Nauli ni ndogo. Imani hiyo ni kubwa.

YATUPASAYO

Kwa askari mmoja mmoja, ushauri wetu ni huu. Andika kwenye karatasi muda wa safari yako wa siku saba, mlango hadi lango, kwa njia zote mbili. Usitazame siku iliyo nzuri; itazame iliyo mbaya, uipange zamu yako kwa hiyo. Ikiwa saa yako ya kuingia inakubaliana na ratiba ya treni, na kazi yako iko karibu na stesheni, panda treni bila haya. Ikiwa zamu yako ni ya alfajiri au ya usiku, au unakwenda Kibuli ambako reli inapita bila kushusha abiria wa zamu yako, chukua basi, uchukue la mapema, ulipe, uketi kwenye kiti chako. Na kwa kufanya hivyo umemwachia nafasi mwanafunzi na mama muuza ndizi ambao hawana njia nyingine isipokuwa treni hiyo.

Kwa wakuu wa vituo na makamanda wa vikosi, tunaomba jambo moja ambalo halidai fedha nyingi. Zamu zisibadilishwe zote kwa saa ile ile ambayo mji mzima unahama. Nusu saa kabla ya msongamano inaweza kumpunguzia askari zaidi ya nusu saa ya njia. Na afisa wa zamu ajue kila askari wake anatoka wapi, ili mvua kubwa ikinyesha upande wa Kireka asingoje kushangaa saa moja asubuhi, bali awe amekwisha kupanga nani atashika lindo kwa muda.

Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, wala hawakusema kuchelewa kuna baraka. Kati ya haraka na kuchelewa iko njia ya tatu, nayo ni kujiandaa. Yule mwenzetu aliyesimama lindoni usiku kucha hatauliza kama tumekuja kwa basi au kwa gari la moshi. Atatazama saa yake, atatazama lango, na atataka kutuona tumesimama hapo, sare imenyooka, tayari kumpokea.